Mafua, homa ya mafua na matumizi ya antibayotiki katika zahanati na maduka ya dawa muhimu

Waandaaji wa kikao hiki waliomba mada kuhusu kuelewa na kutibu mafua. Sehemu ya kuelewa itachukua muda mfupi, kwa sababu kila aliyemo ukumbini anaijua. Mafua ya kawaida ni maambukizi ya pua na koo yanayoletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Kundi kubwa kuliko yote ni rainovirusi, ambavyo peke yake vina aina zaidi ya 160, na kwa wingi huo mwili hauwezi kujijengea kinga moja ya kudumu. Dalili huanza taratibu, hupamba moto kati ya siku ya pili na ya nne, na huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kuburuza hadi wiki ya tatu. Homa ya mafua, yaani influenza, ni ugonjwa mwingine. Huja ghafla na joto kali, kichwa kuuma na maumivu ya misuli, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya upumuaji. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, watoto wadogo, wazee, na wenye maradhi sugu kama pumu, kisukari, selimundu na VVU. Tangu 2020 UVIKO-19 nao umo katika hesabu, na kwa dalili peke yake haiwezekani kuyatenganisha magonjwa haya kwa uhakika.

Tiba nayo ni fupi: kupumzika, kunywa maji ya kutosha, parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito, matone ya maji ya chumvi kwa pua iliyoziba, na asali kwa kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Chini ya umri huo asali haifai. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa ya mafua. Kujifukiza hakuponyi mafua, na sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto huleta majeraha. Dawa ya oseltamivir ipo kwa wenye homa ya mafua walio hatarini, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Katika orodha yote hiyo hakuna antibayotiki. Antibayotiki hushambulia vitu ambavyo bakteria anavyo na kirusi hana, kama ukuta wa seli. Amoksilini haina mahali pa kumshikia kirusi.

Kama haya yote yanajulikana, kwa nini mwenye mafua bado anatoka kwenye kaunta na kapsuli? Jibu linalotolewa semina baada ya semina ni kwamba jamii haina elimu, na pendekezo linalofuata ni kuchapisha mabango. Mada hii inalikataa jibu hilo, kwa heshima lakini kwa uwazi. Anayeandika cheti cha dawa anajua kwamba mafua ni virusi. Mtoa dawa aliyepata mafunzo anajua pia. Tatizo ni kwamba tiba sahihi ya mafua ni maelezo, na maelezo hayana bei, hayana stoo, wala hayana safu katika rejesta ya MTUHA, yaani ya taarifa za huduma za afya. Duka linaishi kwa faida ya kilichouzwa. Dakika kumi za kumweleza mama dalili za hatari zinaliingizia duka hilo sifuri. Zahanati yenye foleni ndefu nayo haina muda wa maelezo, na cheti chenye jina la dawa ndiyo njia ya haraka ya kumwambia mgonjwa kwamba amehudumiwa. Tumejenga mfumo unaolipa kidonge, kisha tunashangaa kwamba kidonge kinatolewa.

Ukubwa wa jambo hili umepimwa hapa kwetu Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kwa matibabu ya nje Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya maambukizi hayo ni asilimia 5 tu yaliyothibitishwa kwa eksirei kuwa nimonia. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Kwa jumla, ugonjwa wa virusi ulikutwa kwa asilimia 70.5 ya watoto. Utafiti mwingine wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba katika huduma ya kawaida takriban asilimia 95 ya watoto wenye homa waliandikiwa antibayotiki. Takwimu hizi mbili zisomwe pamoja, maana kati yake kuna dawa nyingi sana zilizomezwa bila kazi ya kufanya.

Hapa lazima tukiri jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kipimo cha haraka cha malaria ni mafanikio makubwa, na hakuna anayetaka turudi kwenye enzi za kila homa kuitwa malaria. Lakini kipimo kile kilijibu swali moja na kuacha jingine wazi. Kinaposema malaria hakuna, mtoa huduma anabaki na mtoto mwenye joto, mzazi anayesubiri, na mkono mtupu. Dawa ya malaria ikiondolewa mezani, mkono huhamia kwenye amoksilini. Ndivyo ilivyotokea katika nchi mbalimbali zilizochunguzwa: wenye kipimo hasi walipewa antibayotiki mara nyingi zaidi kuliko wenye kipimo chanya. Tuliondoa matumizi holela ya dawa moja bila kumpa mhudumu neno la kusema mahali pake.

Mwenendo wa mafua wenyewe hulisaidia kosa hili kudumu. Mtu huvumilia siku ya kwanza na ya pili, na huenda dukani siku ya tatu au ya nne, yaani pale dalili zinapokuwa kileleni. Kuanzia hapo zitashuka kwa vyovyote vile, iwe amemeza kapsuli, amekunywa chai ya tangawizi na ndimu, au hakufanya lolote. Siku ya sita anajisikia nafuu, na sifa yote inakwenda kwa kapsuli. Hilo si ujinga. Ni hitimisho la mtu aliyeona jambo moja likifuatia jingine, na bango la ukutani haliwezi kushindana na jambo aliloliona kwa mwili wake mwenyewe. Kosa jingine la aina hiyo ni rangi ya makamasi. Yakigeuka manjano au kijani, wengi, hata baadhi ya watumishi wa afya, husema bakteria wameingia. Rangi ile hutokana na chembechembe nyeupe za damu zinazofanya kazi yake, na huonekana pia katika mafua ya virusi yanayokwenda vizuri kabisa.

Madhara ya antibayotiki zisizohitajika si ya kinadharia. Mtu anapomeza antibayotiki kwa mafua, bakteria wanaoishi kwenye koo na utumbo wake bila kumdhuru hupigwa na dawa hiyo. Dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana, na huweza kuendelea kuwamo mwilini kwa miezi kadhaa. Siku mtu huyo, au mtoto anayelala naye, atakapougua nimonia au maambukizi ya damu, dawa ya kwanza huenda isifanye kazi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na mzigo mkubwa kuliko wote kwa kulinganisha na idadi ya watu ulikuwa Afrika Magharibi iliyo kusini mwa Sahara. Azithromaisini, ambayo WHO imeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, hununuliwa kwa kikohozi cha kawaida. Mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, ambao WHO haiupendekezi, bado una wateja. Na kuna mauzo ya nusu dozi: mteja ana fedha ya vidonge vinne, anauziwa vinne. Kwa mafua, hata dozi kamili haikuhitajika. Nusu dozi inaongeza kosa juu ya kosa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kupunguza antibayotiki, na lenye uzito kuliko yote, ni la nimonia. Nimonia inaua watoto, wanasema wenzetu wa vijijini, na hospitali iko mbali. Afadhali kumpa amoksilini kila anayekohoa kuliko kumkosa mmoja. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini dalili za nimonia kwa mtoto zina kipimo kisichohitaji mashine: saa yenye mshale wa sekunde na macho. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kifua kinachoingia ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege na kulegea ni dalili za kumpeleka mbele bila kusubiri. Asiyehesabu pumzi anawapa wote kapsuli, na mgonjwa kweli anapotea katikati yao. Anarudishwa nyumbani na amoksilini ileile waliyopewa wenye mafua, wakati huenda alihitaji oksijeni na rufaa. Kuwapa wote hakumlindi yule mmoja.

Pingamizi la pili linasema kwamba katika nchi yetu wengi hufa kwa kukosa antibayotiki, si kwa kuzidishiwa. Ni kweli kwamba upungufu upo, na kwa sababu hiyo mada hii haipendekezi kufunga maduka wala kuondoa amoksilini katika orodha yake. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, uliletwa ili mtu aliye mbali na famasi apate dawa bora kutoka kwa mtoa dawa aliyefundishwa. Lengo hilo bado ni sahihi. Lakini upungufu na uzidifu vinakaa kijiji kimoja, na kila boksi lililokwisha kwa mafua halitakuwepo kwa nimonia.

Pingamizi la tatu ni la wenye maduka: nikimnyima, atakwenda duka la pili. Hoja hii ni ya kweli kwa mtu mmoja na ya uongo kwa wote. Ndiyo maana suluhisho haliwezi kuachiwa dhamiri ya muuzaji mmoja mmoja. Na kwamba mambo yanaweza kubadilika, ushahidi upo. Katika jaribio lililofanyika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024, wahudumu walipewa tableti yenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache vya papo hapo na mafunzo. Antibayotiki ziliandikwa kwa asilimia 23.2 ya watoto, wakati vituo vya huduma ya kawaida viliandika kwa asilimia 70.1, na watoto hawakupona vibaya zaidi. Watumishi walikuwa walewale wa zahanati zetu, ila walipata kitu cha kushika na maneno ya kusema.

Kutokana na hayo, na bila kuupita Mwongozo wa Matibabu wa taifa ambao ndio wenye kauli ya mwisho, napendekeza yafuatayo. Kwanza, maelezo kwa mgonjwa wa mafua yahesabiwe kuwa huduma, yapewe nafasi katika rejesta, na yakaguliwe kama dawa zinavyokaguliwa. Pili, kila zahanati na kila duka liwe na saa ya kuhesabia pumzi na karatasi ya dalili za hatari ya kumpa mzazi, yenye siku ya kurudi iliyoandikwa kwa mkono. Tatu, mgonjwa asiye na dalili za hatari aambiwe asubiri siku tatu kabla ya kufikiria dawa nyingine, maana hizo ndizo siku ambazo mafua hushuka. Nne, kipimo cha malaria kisipelekwe kituoni bila maelekezo ya nini kifanyike kikisema hakuna. Tano, Baraza la Famasi, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na halmashauri wakague mauzo ya antibayotiki kwa kulinganisha manunuzi ya duka na vyeti vilivyohifadhiwa, maana kuangalia leseni ukutani hakutoshi. Sita, nusu dozi isiuzwe. Saba, azithromaisini isitolewe kwa mafua, na hili narudia kusudi. Nane, chanjo za watoto dhidi ya nimokoka, iliyomo katika ratiba yetu tangu 2013, na dhidi ya Hib zilindwe, na chanjo ya homa ya mafua ifikiriwe kwanza kwa watumishi wa afya na wajawazito. Tisa, narudia la kwanza: huduma ya maelezo ihesabiwe. Bila hilo mapendekezo mengine saba yataishia kwenye makabrasha, kama yalivyoishia ya semina zilizotangulia.

Naomba kila mkuu wa kituo na kila mwenye duka aliyemo humu, atakaporudi kazini Jumatatu, ahesabu jambo moja tu kwa mwezi mzima: wangapi walikuja na mafua bila dalili ya hatari, na wangapi kati yao waliondoka na antibayotiki. Namba hizo mbili ziletwe kwenye kikao kijacho.