Mpende Kiongozi, Shika Kiapo
(Hotuba fupi ya wauguzi kwa vijana, Siku ya Uhuru, Pearland)



Tumepewa dakika tano tuzungumze na vijana wetu wa hapa Pearland, hasa walioapa au wanaotaka kuapa katika jeshi la Marekani. Sisi wauguzi hatujabeba bunduki. Lakini tunajua kufanya kazi kwa amri, na tunajua kumpenda mkubwa wa kazi.

Idi Amin aliingia King's African Rifles mwaka 1946. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, mcheshi, mtu wa kucheka na askari wa chini. Wengi walimpenda yeye kuliko walivyoheshimu sheria. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa safarini Singapore, walimpindua na kumweka Amin. Kampala ikashangilia. Mwaka huohuo askari Waacholi na Walangi waliuawa makambini, na waliowaua ni askari wenzao. Hakubaki wa kusema, "Hapana, Afande."

Kwetu pia jeshi liliasi, kambi ya Colito, Dar es Salaam, 20 Januari 1964. Serikali ikalivunja, na Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ. Mwalimu naye alikuwa na mvuto mkubwa. Lakini alipong'atuka mwaka 1985, jeshi lilimtii Mzee Mwinyi. Hilo nalo ni sehemu ya Uhuru tunaousherehekea leo.

Nasi tuna la kukiri. Usiku mmoja, kiongozi wa zamu tuliyempenda sana aliandaa sindano ya insulini yenye dozi iliyozidi. Tuliotakiwa kuihakiki tuliitikia tu: huyu hakosei. Aliyeuliza ni mwanafunzi. Swali lile lilimwokoa mgonjwa. Kiongozi wetu alimshukuru. Sisi tuliona aibu.

Watoto wetu, mtakutana na sajenti au kapteni mtakayetamani kumfuata popote. Mpendeni, kikosi kisichopendana hakisimami. Ila kiapo chenu kinaanza na Katiba, wala hakina jina la mtu. Amri halali itekelezeni. Amri ya kumuua asiye na hatia ikataeni, hata ikitoka kwa mnayempenda.

Na sisi wazazi tusiwafundishe nyumbani kwamba kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu. Shikamoo na swali hukaa katika kinywa kimoja.

Heri ya Uhuru.