Shibe iliyoua vifaranga wangu



Wiki hii siasa naiweka kando, na bei ya mafuta vilevile. Nataka tuzungumze juu ya samaki asiyezidi urefu wa kidole, ambaye aliniaibisha mbele ya watoto wangu, kisha akanifunza.

Samaki huyo ni furu. Sisi wakazi wa Mwanza tunamjua. Wazee wetu walimkausha juani wakamla na ugali. Katika miaka ya 1970 hapa Mwanza kilijengwa hata kiwanda cha kumsaga awe chakula cha mifugo. Siku hizi wavuvi humtafuta zaidi awe chambo cha sangara. Nami niliwapata wangu kwa muuza chambo: furu sita ndani ya ndoo, dume mmoja na majike watano, wote wa aina moja kutoka mwamba mmoja. Fundi wa vioo alikwisha kuniundia tangi la lita 100, nikaliweka sebuleni mahali pa redio kubwa ya zamani.

Baada ya miezi michache jike mmoja alijitenga pembeni. Hakula. Mashavu yalikuwa yamevimba. Nikamwambia mama watoto kwamba huyu anaumwa, kesho tutamtupa. Binti yetu mdogo akaweka uso kwenye kioo, akasema, "Baba, haumwi. Ana kitu mdomoni."

Alikuwa sahihi. Furu jike hutaga, kisha huyaokota mayai yake mara moja na kuyaweka mdomoni. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai. Jike huyasogelea kama anayetaka kuyaokota nayo, na hapo ndipo anapopata mbegu za dume. Tangu siku hiyo kinywa chake ndicho tumbo la uzazi. Kwa wiki mbili hadi tatu hubeba mayai, kisha vifaranga, na muda huo hali, au hula kidogo mno.

Kwa furaha nikamhamishia mama huyo katika tangi dogo jipya, lililosafishwa likang'aa. Akawatema vifaranga kumi na tisa. Nikasema, watoto hawa hawatalala njaa katika nyumba yangu. Nikachemsha yai, nikachuja kiini kwa kitambaa, nikawapa asubuhi, mchana na jioni, na usiku kabla ya kulala nikawaongezea. Maji yakawa meupe kama tui. Asubuhi ya siku ya tatu wote kumi na tisa walikuwa wamelala chini. Tuliwazika chini ya mpapai. Binti yangu hakunisemesha hadi jioni.

Ndugu msikilizaji, niliwaua kwa shibe na kwa usafi. Chakula kilichobaki huoza, na kinyesi cha samaki nacho hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi la zamani kuna vijidudu wema, wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye mchanga na kwenye sponji ya kichujio. Hao huigeuza sumu hiyo kidogo kidogo hadi ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Tangi jipya halina vijidudu hao, na huchukua wiki nne hadi sita kuwapata wa kutosha. Mimi niliona kioo kinachong'aa nikadhani ni salama.

Jike wa pili alipovimba mashavu, nilikuwa nimejifunza. Sponji iliyokaa miezi katika tangi kubwa niliihamishia kwenye tangi dogo, nikaiunganisha na pampu ya hewa. Sponji ina faida nyingine: haiwezi kumnyonya kifaranga. Maji ya bomba niliyaacha siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini ipungue, nikahakikisha joto lake halitofautiani na la tangi, kiasi cha nyuzi 25 au 26. Kila baada ya siku mbili nilibadilisha robo ya maji, si yote. Chakula kikawa viluwiluwi vya mbu waliotoka kuanguliwa, na chakula kikavu kilichosagwa kama unga wa wanja, mara tatu kwa siku, kile tu wanachomaliza katika dakika mbili. Umeme ulipokatika, tulipokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Mama tulimlisha pembeni hadi akapata nguvu, ndipo tukamrudisha kwa wenzake.

Walitoka vifaranga ishirini na watatu. Baada ya miezi mitatu walikuwepo ishirini na wawili.

Pengine utauliza, samaki wa chambo ana thamani gani hata mtu mzima akeshe naye? Nakujibu. Zamani furu walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wote katika Ziwa Victoria, wa aina zinazokadiriwa kufikia 500. Kisha watu wakaleta sangara katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafagia. Aidha, maji yalichafuka kwa taka na udongo wa mashamba. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa matope haoni rangi, na aina huchanganyika. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zimetoweka. Baadhi ya furu wamerudi tangu miaka ya 1990, lakini si wote. Ziko aina ambazo kwa miaka mingi zimetunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Mjukuu wa ziwa letu analelewa ughaibuni, na sisi tunaoishi kando ya maji hatujui hata jina lake.

Sisemi kila nyumba iwe na tangi. Nasema shule zetu za kando ya ziwa zinaweza kuwa nalo moja. Mtoto aliyemwona mama furu akifunga kinywa kwa ajili ya wanawe hatamwita tena uchafu wa nyavu. Ila nawasihi jambo moja: samaki wa tangini asirudishwe ziwani, wala asitiwe katika bwawa lolote. Huenda akapeleka maradhi, au akachanganya aina zilizobaki. Msiba wa sangara nao ulianza na watu waliohamisha samaki kwa nia njema.

Nami nia yangu ilikuwa njema nilipochemsha lile yai.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.