HUDUMA IKIHAMA, FAILI LA MLEMAVU LIHAME NAYO

Hotuba ya walimu wa kambi kwa niaba ya kamati ya jumuiya, iliyosomwa Bujumbura, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, 3 Desemba



Siku hii iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Kamati imetutuma sisi walimu tuseme jambo moja tu: huduma ya walemavu inapotolewa ofisi moja na kupelekwa nyingine, ni nani anayehakikisha kwamba mlemavu naye amefika huko?

Kwa mkimbizi swali hili ni zito. Hapa Burundi mambo ya ukimbizi yalikabidhiwa ONPRA, ofisi iliyoundwa mwaka 2009 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mambo ya ulemavu, serikali ilipoundwa upya mwaka 2020, yalikuwa ya Wizara ya Mshikamano wa Kitaifa. Shule ina wizara yake, hospitali ina yake. Mtoto mlemavu wa kambini ni mtoto mmoja, lakini milango ya kubisha ni minne, na kila mlango una karani wake na muhuri wake.

Majirani zetu wa Tanzania wameipita njia hii. Sera yao ya ulemavu ya mwaka 2004 ilitolewa na Wizara ya Kazi, Maendeleo ya Vijana na Michezo. Mwaka 2006 ustawi wa jamii ukapelekwa Wizara ya Afya. Halafu Desemba 2015 Rais Magufuli akayaweka mambo ya walemavu katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, akawa mmoja wa manaibu waziri. Sisi tunaona uamuzi huo ulikuwa na busara, kwa kuwa Waziri Mkuu anaweza kuziita wizara zote na kuziuliza swali lile lile. Hata hivyo idara ya ustawi wa jamii ilibaki upande wa Afya. Basi sera ikalala nyumba moja, utaalamu wa ustawi ukalala nyumba nyingine.

Katika sheria yao ya mwaka 2010 kuna jambo tunalolipenda kuliko mengine yote, nalo ni kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Wizara ikibadilika mara tatu, kijiji hakibanduki. (Kambi, ole wetu, hubanduka, waliovuka Rusizi mwaka 2025 wanatuelewa.)

Na sisi tumeona mabadiliko. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5. Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda, ambazo zilikuwa katika mikoa ya Muyinga, Ruyigi na Cankuzo, zote zikaingia mkoa mmoja wa Buhumuza. Mwaka huo huo misaada ikapunguka, mashirika mengine yakafunga na kazi zao kupewa wengine. Hatulaumu. Tunasema tu kwamba kabati likihamishwa bila orodha, kinachopotea kwanza ni karatasi ya mtu asiyeweza kutembea kuifuata.

Tunaye mwanafunzi aliyekatwa mguu. Alipimwa, fomu ikajazwa. Shirika lililokuwa na kazi hiyo likaondoka, lililofuata likasema halikukabidhiwa kitu. Akapimwa upya. Ndugu zetu, mguu wa bandia si kama blanketi. Mtoto anarefuka, na kipimo cha mwaka jana hakimfai mwaka huu. Mguu ukiwa mfupi hata kidogo, kiuno na mgongo vinapinda. Mafundi wa viungo bandia wako Gitega, na safari hiyo inahitaji ruhusa ya kutoka kambini, nauli na mtu wa kumsindikiza. Kila kitu kikianza upya, ruhusa nayo huanza upya. Mwanafunzi huyo alikosa muhula mzima, na hesabu ndiyo aliyokuwa akiipenda.

Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na kifungu cha 11 kinataja waziwazi watu walio katika vita na maafa. Tarehe 10 Januari 2018 ikapitishwa sheria ya nchi juu ya haki za walemavu. Kwa hiyo hatuombi huruma. Tunaomba makabidhiano: kabla ofisi haijaacha kazi, ikae meza moja na ile inayopokea, wasome majina mmoja mmoja, waonyeshe nani amepimwa, nani anangoja baiskeli ya magurudumu matatu, nani anatumia dawa za kifafa ambazo hazipaswi kukatika hata wiki moja. Wote wawili watie sahihi, na mzazi apewe nakala.

Nanyi wazazi, msiwafiche watoto ndani. Asiyeandikwa hana faili la kuhamishwa.

Kamati imenunua daftari. Kuanzia Jumatatu walimu wawili watapita kila mtaa wa kambi baada ya masomo, pamoja na mama mmoja kwa ajili ya nyumba zenye wasichana. Leteni karatasi zote mlizo nazo, hata zilizochanika, hata za Kifaransa msizozielewa. Tutazinakili, na karatasi zenyewe mtabaki nazo.