Homoni za Ovari: Jibu la Barua ya Bibi Mmoja

Bibi mmoja ametuletea barua. Hospitali ameambiwa kwamba ovari zake zina vifuko vingi, na homoni za kiume zimezidi. Hedhi humjia mara tatu au nne kwa mwaka, na ndevu chache zimemwota kidevuni. Wifi zake wamekwisha mwita tasa. Anauliza, “Je, ninageuka mwanamume?”

La, Bibi, hugeuki. Kila mwanamke hutengeneza homoni ya kiume, nayo ina kazi yake. Ndani ya ovari, yai hukaa katika kifuko chenye tabaka mbili. Tabaka ya nje hutengeneza homoni ya kiume; ya ndani huipokea na kuigeuza kuwa estrojeni, yaani homoni ya kike. Ni kama jikoni penye mtu wa kukanda unga na mtu wa kuchoma mikate. Mkandaji akizidisha, madonge hurundikana.

Ndivyo ilivyo katika ugonjwa huu. Tezi iliyo chini ya ubongo huihimiza mno tabaka ya nje. Tena, kwa wanawake wengi, insulini itokayo katika kongosho kwa ajili ya sukari ya damu imezidi, nayo huihimiza vile vile. Homoni ya kiume huingia katika damu kwa wingi, ndipo ndevu na chunusi. Vifuko navyo husimama kabla ya kukomaa, upana wake haufiki milimita 10. Basi hivyo si uvimbe. Ndani yake mna mayai yaliyokwama njiani.

Mwaka 1935 Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago, walieleza habari za wanawake saba wa namna hii. Baada ya kukatwa kipande cha ovari, wote walirudiwa na hedhi, na wawili walipata mimba. Siku hizi kisu hakitangulii. Huanza vidonge vya kulikomaza yai, kama letrozoli. (Na mume apimwe pia, jambo ambalo wifi husahau.)

Hata asiyetaka mtoto asipuuze. Yai lisipotoka, projesteroni hupungua, na utando wa ndani ya tumbo la uzazi huzidi kunenepa. Baada ya miaka mingi waweza kuleta kansa.

Bibi, rudi hospitali, uombe kupimwa sukari pia. Juma lijalo tutazungumza habari za kongosho. Kwa herini.