PIKIPIKI YA CHAMA: TUIUZE AU TUITUNZE?

(Maneno ya Kamati ya Usafiri mbele ya wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Tumesimama mbele yenu kwa jambo moja tu, nalo ni ile pikipiki yetu ya chama, Yamaha DT 125. Wako wenzetu wanaosema iuzwe, kwa sababu ni kuukuu, inakula fedha, na siku hizi bodaboda zimejaa kila njia panda. Wako wanaosema isiuzwe. Sisi wa Kamati tunaomba mtusikilize kwanza, halafu mkate shauri wenyewe.

Tuanze na kosa letu. Mnakumbuka Machi 2024, mvua zilipoharibu barabara ya mlimani. Mama mmoja wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu usiku. Bodaboda mbili zilijaribu kupanda, zikakwama kwenye utelezi, matope yakajaa kwenye madigadi hata magurudumu hayazunguki. Pikipiki ya chama ndiyo ingepanda, maana iko juu, tairi zake zina meno, na dereva wake anaijua njia. Lakini ilikuwa imelala bandani wiki ya pili, pistoni imekamata ndani ya silinda. Mama yule akabebwa kwa machela tangu saa tano za usiku mpaka alfajiri. Alipona, na mtoto akapona. Tulimshukuru Mungu. Lakini kushukuru siyo matengenezo, jamani. Siku nyingine mambo yanaweza kuwa mengine.

Kwa nini pistoni ilikamata? Bodaboda hizi za kawaida zina oili inayokaa chini ya injini na kulainisha kila kitu. Yetu siyo hivyo. Oili ya kulainisha pistoni, ile ya 2T, inakaa kwenye tangi dogo la pembeni. Pampu ndogo inaivuta, inaingia pamoja na petroli, inaungua, inatoka na moshi. Yamaha walianza kutumia pampu ya namna hii mwaka 1964. Ni kitu kizuri, mtu hana haja ya kuchanganya mwenyewe kwenye chupa. Lakini tangi likikauka, injini haikupi siku mbili za kufikiri. Sasa aliyeichukua Jumatatu alidhani aliyeirudisha Jumapili ametia oili. Wa Jumapili alidhani mtunza ghala ametia. Mtunza ghala alidhani ni kazi ya dereva. Basi, hakuna aliyetia.

Hasara yake siyo ya siku moja. Silinda ilichongwa mara ya kwanza mwaka 2009, tukaweka pistoni nene kidogo. Mwaka 2024 ikachongwa tena. Kila ikichongwa, ukuta wa silinda unapungua, na pistoni za kuongeza unene zina mwisho wake. Tukirudia uzembe huu, tutafika mahali fundi atakunja mikono.

Sasa kwa nini tusiiuze? Tuliinunua mwaka 1998 ikiwa tayari imetumika, na bei ya chuma kuukuu haitatupa nyingine ya kupanda mlima. Ukoo wake ni wa kazi hiyo. Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1 ya cc 250, pikipiki ya kwenda barabarani na porini pia, na hii yetu ya cc 125 imefuata njia ile ile. Ni kweli inakula petroli kuliko bodaboda, na vipuri vyake lazima viagizwe mjini. Hatufichi. Ndiyo maana tunapendekeza safari za bondeni ziende kwa bodaboda, hii ibaki kwa ajili ya mlimani na dharura.

Yako mashindano ya pikipiki za porini yanaitwa enduro, maana yake ni kustahimili. Ya siku sita yalianza Uingereza, mjini Carlisle, mwaka 1913, na yanafanyika mpaka leo katika nchi mbalimbali. Sehemu kubwa za pikipiki hutiwa alama mwanzoni ili zisibadilishwe kwa siri, na mwendeshaji mwenyewe ndiye anayeshika spana kwa muda mfupi anaopewa. Hata kama ana mbio namna gani, pikipiki ikimfia njiani ameshindwa. Sisi hatumo mashindanoni, lakini sheria hiyo inatufaa: anayeendesha ndiye anayetunza.

Basi, haya ndiyo tunayotaka yafuatwe:

1. Oili ya 2T itazamwe kila asubuhi kabla ya kupiga kiki. Oili ya giaboksi ni nyingine, isichanganywe na hii, nayo ibadilishwe kwa tarehe.

2. Chujio la hewa lifunguliwe kila wiki wakati wa vumbi. Lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe kwa kubana bila kulisokota, likauke, lipakwe oili kidogo. Vumbi likipita hapo linasaga pistoni kama jiwe la kusagia.

3. Plagi ifunguliwe itazamwe. Ikiwa ya kahawia, vizuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, oili au petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto mno. Simamisha, mwite fundi.

4. Cheni isikazwe kama waya wa uzio. Pikipiki hii ina shokabzoba ndefu, na ikibonyea kwenye shimo cheni inajikaza yenyewe. Ipimwe mtu akiwa amekaa juu yake. Meno ya sproketi yakipinda kama mundu, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu haidumu.

5. Spoku zigongwe kwa spana, mojamoja. Iliyolegea inalia tofauti na wenzake, hata mtoto anaisikia.

6. Ikizama mtoni na injini ikanywa maji, usipige kiki! Maji hayabanwi, yatapinda vyuma. Toa plagi, zungusha injini polepole maji yatoke, mwaga maji ya kabureta, kausha chujio, ndipo ujaribu.

7. Ikitoka safari ioshwe siku hiyo hiyo, hasa mipira ya shokabzoba za mbele. Tope likikauka pale linakata mpira, na oili inavuja.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo litakuwepo daftari moja na mtunzaji mmoja. Kila anayeichukua ataandika jina, tarehe, kilomita, na oili aliyoikuta. Asiyeandika hapewi ufunguo, awe mwenyekiti, awe nani. Na sisi wa Kamati tumo katika sheria hiyo, maana mwaka ule hata sisi tuliichukua bila kuandika.

Mwisho, fedha. Tunaomba kila mwanachama akubali kukatwa shilingi 10 kwa kila kilo ya kahawa, ziwe za oili, vipuri na fundi, na hesabu yake ibandikwe hapa ukutani kila mwezi. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Mkisema iuzwe, tutaiuza bila kinyongo. Lakini anayetaka iuzwe atueleze pia usiku wa mvua nani atapanda mlimani, na kwa kitu gani.



Ni sisi,
Kamati ya Usafiri