Samaki wa Gemu Atanunuliwa na Nani? Tuanzie Vizimba vya Mwanjelwa



Gemu nyingi za mtandaoni zenye uvuvi zina ugonjwa mmoja: samaki wanajaa kwenye mabegi ya wachezaji na hakuna anayewataka. Mtengenezaji akiona hivyo huweka duka la mfumo, linalonunua samaki yeyote kwa bei ile ile. Duka hilo halifilisiki. Kila likilipa, pesa mpya inazaliwa ndani ya gemu, mwishowe bei za vitu vyote zinapanda na samaki anabaki kuwa takataka. Tuachane na dawa hiyo, tukatazame vizimba vya dagaa hapa hapa kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya.

Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, akishapanda kutoka Kyela kupitia Tukuyu, hauzwi kama bidhaa moja. Aliye mzima, aliyekauka vizuri na hana mchanga, anapimwa kwa sado na kwenda jikoni. Aliyevunjikavunjika anachukuliwa na mfuga kuku kwa bei ya chini. Hata vumbi la chini ya kiroba lina mteja: linachanganywa na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, kuku wanakula. Sasa mwangalieni huyo mfuga kuku. Ziwani haendi, na huenda usipa hampendi kabisa, ila banda lake haliendi bila mvuvi. Mteja wa namna hiyo ndiye anayekosekana katika gemu zetu.

Wenzetu wengine walimwona mteja huyo mapema. Gemu ya World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, ina samaki aitwaye Firefin Snapper anayekamuliwa mafuta kwa ajili ya wachanganya dawa. Toleo lake la 2008, Wrath of the Lich King, lilileta Fish Feast, karamu ya samaki wa aina tatu inayoliwa na kikosi kizima kabla ya pambano. Kikosi kikipigana usiku, mvuvi alishauza mchana. Gemu nyingine, Albion Online, imefika karibu zaidi na kiroba chetu: samaki hukatwakatwa, na vipande hutengenezwa mchuzi unaopandisha daraja la vyakula vya wapiganaji. Hivyo hata samaki hafifu ana pa kwenda.

Albion ina jambo jingine ambalo wachuuzi wa hapa wangelielewa bila kufundishwa. Kila mji una soko lake, na mzigo hauruki wenyewe. Lazima mtu aubebe, na njia nyingine zina majambazi. Tofauti ya bei kati ya mji na mji ndiyo ujira wake. Ukiweka soko moja la gemu nzima, umemfukuza mchuuzi, na mimi naona mchuuzi ndiye mchezaji mwenye hadithi nyingi kuliko wote.

Kuhusu uhaba, hatuna haja ya kubuni namba za bahati nasibu. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawazifuati taa na mavuno yanashuka. Mvua za Kyela nazo zinaharibu uanikaji. Gemu ikifuata mwezi na mvua, mchezaji atajifunza kuweka akiba na bei itapanda na kushuka kwa sababu anayoiona angani.

Kwa hiyo napendekeza gemu ya majaribio tunayokusudia kuitengeneza iwe na usipa wa madaraja matatu, mfuga kuku anayehitaji la chini kabisa, na nyavu zinazochakaa ili fundi nyavu naye apate wateja.

Limebaki suala la ushuru, maana pesa lazima pia itoke kwenye gemu. Mnada wa World of Warcraft hukata asilimia 5 ya mauzo. Tuanze na hiyo, tuirekebishe seva ikishafunguliwa na wachuuzi wakianza kulalamika.