Kwa Nini Ualimu? Swali Linaloulizwa kwa Kuchelewa

Kijana anayetaka kusomea shahada ya ualimu hapa Tanzania kwa kawaida haketi mbele ya jopo lolote. Hutuma maombi, alama zake za kidato cha sita zikapimwa, na jina likitoka hufunga begi kwenda chuoni. Hakuna anayemuuliza kwa nini anataka kufundisha watoto.

Swali hilo humkuta mbele ya safari. Zamani walimu wa serikali walipangiwa vituo bila kusailiwa. Siku hizi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: kwanza mtihani wa mchujo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Basi mhitimu aliyekaa mtaani miaka kadhaa akisubiri ajira ndiyo kwanza anatakiwa aeleze kilichompeleka kwenye ualimu. Ndiyo maana wengine hukimbilia kukariri majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Uingereza wanaanza na usaili. Mwenye shahada anayetaka kusoma PGCE, mafunzo ya ualimu ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, husailiwa kabla ya kupewa nafasi. Vyuo vingi humtaka afundishe kwa dakika chache mbele ya wasaili. Huweza pia kuulizwa: mtoto akikunong'oneza kwamba anapigwa nyumbani, utafanya nini? Anayejibu kwamba atamtunzia siri amekosea, kwa kuwa mwalimu anatakiwa kulifikisha jambo hilo kwa mhusika wa ulinzi wa watoto shuleni.

Vyuo vyetu hupokea wanafunzi wengi mno, na kumsaili kila mwombaji ni kazi nzito. Lakini nafasi ipo. Mwanafunzi wa ualimu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, tunayoyaita BTP, na mhadhiri huja kuketi nyuma ya darasa na fomu yake. Kipindi kikiisha, mhadhiri asisaini akaondoka. Amketishe kijana amuulize: mfano ule uliuchagua kwa nini? Yule mtoto aliyekuwa kimya pale dirishani ulimsaidiaje? Atakayezoea maswali hayo akiwa mwanafunzi hatatetemeka mbele ya jopo.

Nawe unayesubiri kuitwa, achana na majibu ya kukariri. Fungua maandalio yako ya somo ya BTP, utafute kipindi kilichokwenda mrama, ujipange kueleza ulirekebisha nini kesho yake. Soma mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024, uelewe unaposisitiza umahiri unamtaka mwalimu abadilishe nini darasani. Kisha kagua vyeti. Matangazo ya usaili husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi. Vinatakiwa vyeti halisi. Majina yakitofautiana, shughulikia kiapo mapema. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, basi anza kudunduliza sasa.

Rai yangu kwa vyuo ni moja: mwulizeni mwanafunzi kwa nini anataka ualimu angali mikononi mwenu. Akigundua kwamba hautaki, bado ana muda wa kuchagua njia nyingine, na watoto wetu watakuwa wameepushwa na mwalimu asiyependa kazi yake.